Sura ya Sita: Injini Zilizovuja Oili

Birmingham iliingia kwenye pikipiki kwa sababu vita vilipungua. Mwaka 1861 mafundi bunduki wa mji huo waliungana wakaunda kampuni moja, Birmingham Small Arms, ambayo dunia ilikuja kuijua kwa herufi tatu tu: BSA. Serikali ilipokuwa na vita, oda zilimiminika. Amani iliporudi, mashine za kukereza na kutoboa chuma zilikaa bure na mafundi wakabaki kutazamana. Ndipo wakageukia baiskeli, na mwaka 1910 wakatoa pikipiki yao ya kwanza. Jirani zao wa Redditch walikuwa wamewatangulia tangu 1901. Kampuni yao ilijiita Royal Enfield, jina lililotokana na kiwanda cha bunduki cha Enfield, na nembo yao ilikuwa mzinga.

Nayasema haya mapema kwa sababu wazee wa Kiingereza wanaozililia pikipiki hizi huzizungumzia kana kwamba zilizaliwa kwa mapenzi. Zilizaliwa kwa mashine zilizokosa kazi. Tena hata Uingereza wake ulikuwa wa kuchanganya. Triumph ya Coventry ilianzishwa na Siegfried Bettmann, Mjerumani wa Nuremberg, na pikipiki yake ya kwanza, ya mwaka 1902, ilitumia injini ya Minerva kutoka Ubelgiji. Norton ilipopata ushindi wake wa kwanza kwenye mashindano ya TT ya kisiwa cha Man, mwaka 1907, injini iliyokuwa ikinguruma chini ya Rem Fowler ilikuwa Peugeot ya Mfaransa. Bettmann alipanda hadi kuwa meya wa Coventry mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na asili yake ikamponza.

Nguvu ya eneo lile haikuwa kampuni moja, bali ujirani. Ndani ya Birmingham na viunga vyake mtu angepata karibu kila kitu: mabomba ya fremu kwa Reynolds, kabureta kwa Amal, taa na nyaya kwa Lucas, tairi kwa Dunlop. Kampuni ndogo ingeweza kuanzishwa na familia moja yenye akili na mkopo, ikanunua vipande mtaa wa pili, ikatengeneza injini yake na kubandika jina lake kwenye tenki. Velocette ya Hall Green iliishi hivyo miaka mingi, mikononi mwa familia ya Goodman, ikishinda mashindano dhidi ya kampuni zilizoizidi ukubwa mara nyingi. Kisha vikaja vita vya pili. BSA peke yake iliwapa wanajeshi pikipiki zipatazo 126,000 za aina ya M20, nzito na za polepole, ambazo hazikufa kirahisi. Ililipia: usiku wa 19 Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliangukia kiwanda cha Small Heath na kuua wafanyakazi 53. Siku tano kabla yake kiwanda cha Triumph kilikuwa kimeteketea pamoja na katikati ya mji wa Coventry, na kampuni ikahamia kijijini Meriden. Jina hilo la Meriden tutalirudia.

Vita vilipokwisha, washindi waligawana ujuzi wa Ujerumani kama walivyogawana ardhi yake. Kampuni ya DKW ilikuwa na pikipiki ndogo nzuri sana, RT 125, ya injini ile ya kuchanganya oili na petroli. Michoro yake ikawa nyara. Wasovieti wakaitengeneza kwao, Harley-Davidson wakaitengeneza Marekani, na BSA wakaigeuza kushoto kulia, kama kivuli kwenye kioo, ili gia ikae mguu wa kulia walikozoea wateja wao. Wakaiita Bantam, wakaanza kuiuza mwaka 1948. Ilikuwa nyepesi, ya bei nafuu, haina makuu. Posta ya Uingereza iliipaka rangi nyekundu na kuwapa vijana wa kupeleka simu za maandishi. Wakulima, manesi na wanafunzi wakainunua. Ziliuzwa mamia ya maelfu, na leo mzee wa Kiingereza akikuambia pikipiki aliyojifunzia, usishangae akitaja Bantam.

Wachache hukumbuka kwamba Bantam ilikuwa na ndugu huko Japani. Mwaka 1955 kampuni iliyokuwa ikitengeneza vinanda, Yamaha, ilitoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, nayo ilichorwa kwa kufuata DKW ileile. Kwa hiyo manung'uniko ya zamani kwamba Wajapani waliiba kazi ya Waingereza yana kasoro: hapa wote wawili walinakili daftari la Mjerumani. Tofauti ilikuja baadaye. Yamaha waliichukua kama darasa la kwanza, wakapita, wakaja na kitu kingine, kisha kingine. BSA waliinenepesha Bantam kidogo kidogo hadi cc 175 na kuendelea kuiuza mpaka 1971.

Fahari kubwa ya zama hizo, hata hivyo, haikuwa Bantam. Ilitoka kwenye kalamu ya Edward Turner wa Triumph. Mwaka 1937 kampuni ilitangaza Speed Twin, pikipiki ya cc 500 yenye silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Turner alizibana hata injini ikawa nyembamba, karibu sawa na ya silinda moja. Alikuwa na jicho kali la umbo, na naona ndiye aliyewafundisha wenzake kwamba injini ni ya kutazamwa pia. Angalia Bonneville ya miaka ya 1960: tenki limejipinda kama tone la maji, kasha la injini limeng'arishwa, mabomba mawili ya moshi yanashuka sambamba, na kati ya injini na fremu kuna nafasi ya kupitisha mkono. Hakuna plastiki ya kuficha chochote. Kila kipande kinaonyesha kazi yake.

Bonneville ilitoka mwaka 1959 na ilipewa jina la uwanda wa chumvi wa Utah, ambako mwaka 1956 Johnny Allen alikuwa ameendesha chombo chenye injini ya Triumph kwa zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Jina lilichaguliwa kwa ajili ya Wamarekani, na pochi la Marekani ndilo lililoilisha Triumph. Marlon Brando alikuwa amekwisha kuipanda Triumph kwenye filamu ya The Wild One ya 1953. Miaka kumi baadaye, kwenye The Great Escape, Steve McQueen alikimbizwa na Wajerumani juu ya Triumph iliyopakwa rangi ifanane na ya jeshi la Hitler. Ule mruko maarufu juu ya uzio wa waya aliupiga rafiki yake, Bud Ekins, lakini picha haikujali.

London nayo ilikuwa na vijana wake wa jaketi za ngozi, waliokutana kwenye mgahawa wa Ace Cafe kando ya barabara ya North Circular. Hawa hawakuridhika na kiwanda kilichowapa. Norton ilikuwa na fremu bora kuliko zote, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, akina McCandless, na kuanza kushinda mwaka 1950. Triumph ilikuwa na injini iliyochangamka zaidi. Vijana wakaing'oa injini hii wakaipachika kwenye fremu ile, wakaita Triton. Kampuni mbili zilizokuwa zikichukiana ziliozwa kwa nguvu kwenye gereji za uani, na ndoa ikafaulu. Mtu angedhani wakubwa wa viwanda wangejifunza kitu hapo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mashine zenyewe. Kuwasha pikipiki ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa ibada. Unafungua petroli. Unabonyeza kipini kidogo kwenye kabureta ya Amal mpaka petroli ifurike na kukulowesha vidole. Unausukuma mguu wa kiki polepole ukitafuta mahali pistoni inapokaza, kisha unasimama juu yake na kushuka na uzito wako wote. Ukikosea, kiki inarudi na kifundo cha mguu kinakoma. Gia iko kulia na breki ya nyuma kushoto, kinyume cha leo. Kwa kuwa pistoni zote mbili zilipanda na kushuka pamoja, injini ilitikisika, na kila walipoipanua, kutoka cc 500 hadi 650 hadi 750, mtikisiko ulizidi: nati zikalegea, balbu zikakatika nyuzi, mikono ya dereva ikafa ganzi. Taa za Lucas zilikuwa na sifa yake hasa. Waingereza wenyewe walimpachika mwenye kampuni jina la Mkuu wa Giza.

Halafu oili. Kasha la injini lilikatwa wima, nusu mbili zikabanwa kwa bolti, na ungio likapita katikati hadi chini kabisa, mahali oili inapokaa. Gasketi ikichoka kidogo, au bolti ikilegezwa na mtikisiko, tone linapatikana. Wajapani walikuja na makasha yaliyokatwa kwa ulalo, ungio likiwa juu ya kina cha oili. Si uchawi. Ni uamuzi wa mahali pa kukata, pamoja na mashine mpya za kusawazisha chuma vizuri. Mwenye BSA alizoea kuweka kipande cha boksi chini ya injini usiku na kukisogeza asubuhi.

Kwa nini basi watu wazipende? Mwaka 1984 lilifunguliwa jumba la makumbusho ya pikipiki za Uingereza karibu na Birmingham. Septemba 2003 likashika moto na pikipiki zipatazo 380 zikaungua, baadhi zikibaki chuma kilichopinda. Zikaokotwa, zikafunguliwa kipande kwa kipande, na Desemba 2004 milango ikafunguliwa tena. Mapenzi ya namna hiyo hayatoki kwenye tangazo. Naamini nusu yake ni mapenzi ya mtu kwa ujana wake, na hilo halina aibu. Nusu ya pili ni ya haki kabisa. Pikipiki ile ilimlazimu mwenyewe kuijua. Kijana mwenye seti ya spana za inchi na mchana mmoja wa Jumapili aliweza kuifungua kichwa, kusaga vali, kurekebisha platini na kuirudisha barabarani jioni. Ilipomlaza njiani, mwenye pikipiki mwingine alisimama kumsaidia, kwa kuwa kesho ingekuwa zamu yake. Kasoro zilizalisha ufundi, ufundi ukazalisha urafiki. Anayelilia BSA leo mara nyingi analilia ule mchana wa Jumapili.

Tatizo la kumbukumbu hizi huanza pale zinapomtafuta mwuaji. Jibu lililozoeleka ni Honda. Lakini wakati Honda bado ni karakana ndogo, BSA, kampuni kubwa kuliko zote za pikipiki duniani, iliongozwa na Sir Bernard Docker. BSA ilimiliki pia kampuni ya magari ya Daimler, na mkewe Docker, Norah, alijitengenezea magari ya maonyesho kwa gharama za kampuni. Moja, la mwaka 1951, lilipakwa dhahabu mahali penye kromu. Jingine, la 1955, lilikuwa na viti vya ngozi ya pundamilia na dashibodi ya pembe za ndovu. Msomaji wa Afrika Mashariki ana ruhusa ya kusoma sentensi hiyo mara mbili. Bodi ilimwondoa Docker mwaka 1956. Magari yale hayakuifilisi BSA, ila yanaonyesha wakubwa walitazama wapi, huku mashine za Small Heath zikizeeka. Faida iligawiwa kwa wenye hisa mwaka baada ya mwaka.

Honda aliingia TT mwaka 1959 na pikipiki za cc 125. Waliomaliza vizuri zaidi walikuwa wa sita, wa saba na wa nane, na watazamaji wakatabasamu. Mwaka 1961 Honda ilishika nafasi tano za kwanza kwenye daraja la cc 125, na tano za kwanza kwenye daraja la cc 250. Aliyeshinda yote mawili alikuwa Mwingereza, Mike Hailwood. Turner mwenyewe alizuru viwanda vya Japani mwaka 1960 na akarudi na taarifa ya kutisha kuhusu wingi na ubora wa mashine alizoziona. Taarifa ilisomwa. Faraja iliyozunguka maofisini ilikuwa kwamba Wajapani wangewafundisha vijana kupanda vijipikipiki, na wakikua wangekuja kununua pikipiki za wanaume, yaani za Kiingereza.

Kilichotokea Los Angeles kinachekesha zaidi. Watu wa Honda walipofika huko 1959 walitaka kuuza pikipiki zao kubwa, na hizo zikavuja oili na kuua klachi kwenye barabara ndefu za Marekani. Wakati huo wao wenyewe walitumia Super Cub, kapikipiki ka cc 50, kwa shughuli za mjini, na wapita njia wakawa wanauliza kanapatikana wapi. Wakauza kilichoulizwa. Super Cub ikawa chombo chenye injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko vyote. Mwaka 2017 hesabu yake ilifikia milioni 100. Fedha ya kijipikipiki hicho ndiyo iliyonunua mashine mpya, wahandisi vijana na muda wa kurekebisha zile kubwa.

Waingereza walifanya kinyume. Kila Wajapani walipobisha hodi kwenye daraja fulani, walilihama: kwanza cc 50, kisha 125, kisha 250, wakisema huko hakuna faida. Waliporudi nyuma hadi ukutani, mwaka 1968, walitoa pikipiki ya silinda tatu, Triumph Trident pamoja na pacha wake BSA Rocket 3, kwa kuwa Triumph ilikwisha kuwa mali ya BSA. Ilikuwa na mbio kweli. Ilikuwa pia na breki za ngoma na kiki ya mguu. Mwaka 1969 Honda ikatoa CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, kitufe cha kuwashia, na sakafu kavu chini yake asubuhi. Ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza mwaka 1975 ilipima anguko: kwenye soko la pikipiki kubwa la Marekani, Waingereza walikuwa na asilimia 49 mwaka 1968; mwaka 1974 walibaki na 9.

BSA ilikuwa na dawa yake, na dawa ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Wahandisi waliwekwa kwenye jumba la kifahari la mashambani, Umberslade Hall, mbali na kelele za kiwanda. Walichora fremu mpya yenye kubeba oili ndani ya mabomba yake. Ilipofika Meriden kwa ajili ya pikipiki za 1971, injini ilikataa kuingia ndani ya fremu. Wafanyakazi walisubiri wiki kwa wiki huku injini zikirekebishwa ili zipite, na msimu wa kuuza Marekani ukayoyoma. Kiti kilikuwa juu mno kwa mtu wa kimo cha kawaida. Hasara ya mwaka huo ilizidi pauni milioni 8. Mwaka 1973 BSA ilimezwa, na mabaki yake, Triumph na Norton yakaunganishwa chini ya Dennis Poore.

Septemba mwaka huohuo Poore alitangaza kufunga Meriden. Wafanyakazi walifunga mageti wao, yeye akiwa nje. Walikesha getini zamu kwa zamu, miezi kumi na minane, na pikipiki zilizokamilika zikabaki ndani. Waziri wa viwanda, Tony Benn, akawapatia karibu pauni milioni 5, sehemu kubwa ikiwa mkopo, na Machi 1975 Meriden ikawa ushirika: mfagiaji na fundi walianza kwa mshahara sawa. Katika mikutano ya wapenda pikipiki sura hii husimuliwa kwa haraka, wengine wakiwalaumu wafanyakazi kwa ugumu wa vichwa. Mimi naona wao ndio waliozipenda kweli zile Bonneville, kwa maana ya kuzing'ang'ania zilipokuwa hazina mtetezi. Walizitengeneza miaka minane bila fedha ya kubuni kitu kipya, wakiuza mchoro ambao mizizi yake ni ya 1937. Walifilisika mwaka 1983. Kiwanda kikabomolewa, zikajengwa nyumba, na mtaa mmoja ukaitwa Bonneville Close.

Jina la Triumph lilinunuliwa na John Bloor, mjenzi wa nyumba aliyeanza maisha kama fundi lipu. Hakuwa mtu wa kumbukumbu. Aliwapeleka wahandisi wake Japani wakaone kazi inavyofanywa, akajenga kiwanda kipya Hinckley, na pikipiki zikaanza kutoka 1991. Hazikuvuja. Siku hizi Triumph zinazouzwa kama kumbukumbu ya miaka ya 1960 hutengenezwa Thailand, na zile ndogo za cc 400 hutengenezwa India na Bajaj, kampuni ileile ya pikipiki za Boxer.

Royal Enfield ilikwisha kwao Redditch mwaka 1967, lakini tawi lake la Madras, lililoanza miaka ya 1950 kwa ajili ya oda za jeshi la India, halikuambiwa. Liliendelea kutoa Bullet ileile, na leo kampuni hiyo ya Kihindi huuza pikipiki zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Jina la BSA liko mikononi mwa Mahindra. Norton ilifilisika kwa mara nyingine Januari 2020, na Aprili mwaka huo ikanunuliwa kwa pauni milioni 16 na TVS ya Chennai, ambayo sasa inaiundia pikipiki Solihull, jirani kabisa na Birmingham. TVS ilijijenga kwa pikipiki ndogo za kazi, zikiwemo zile zinazobeba abiria Mbagala, Kisumu na Gulu. Hiyo ndiyo biashara ambayo wakubwa wa Small Heath waliiacha wakisema haina faida.